Okota Mabaki Kwanza

Mota ya roketi ikipasuka, watu hufanya mambo mawili kwa haraka: hutazama juu kuona kinachoanguka, kisha hutafuta wa kulaumiwa. La kwanza ni la lazima, maana bomba la faiba la kilo nne likishuka bila mwavuli linaweza kuua. La pili ndilo linalotupotezea elimu. Nimekuwa nikirusha roketi za starehe hapa Kansas kwa miaka mingi, na nimeona mota zikiwapasukia watu walio makini kuliko wote uwanjani. Nimeona pia lawama zikigawiwa kabla moshi haujatawanyika, na baadaye zikathibitika kuwa za uongo. Mabaki yaokotwe kwanza, yasomwe, ripoti iandikwe, ndipo watu waulizane nani alikosea nini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika kwenye uwanja wa namna hii: mkulima akishavuna ngano yake huturuhusu kuingia shambani na reli zetu za kurushia, betri, mahema na watoto. Kila mtu huja na roketi aliyoiunda kwa mikono yake, ya karatasi ngumu au ya faiba, na mota aliyoinunua kwa muuzaji. Mota hupangwa kwa herufi, na kila herufi inabeba hadi mara mbili ya nguvu ya herufi iliyotangulia. A haizidi nyutoni-sekunde 2.5, C haizidi 10, G haizidi 160. Kuanzia H huuziwi mpaka uwe na cheti cha mojawapo ya vyama viwili vikuu vya Marekani, National Association of Rocketry, ambacho wote tunakiita NAR, au Tripoli. Cheti hukipati kwa kujaza fomu peke yake. Unarusha roketi mbele ya mashahidi, na sharti irudi chini ikiwa nzima.

Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Wazee wetu wavuvi waliziona roketi za Scout zikipaa baharini kutoka jukwaa la San Marco, ikiwemo ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliyobeba satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ile ya mwisho, ya Machi 1988, niliiona mwenyewe nikiwa kijana mdogo. Scout ilikuwa na hatua nne, na zote nne zilitumia mafuta magumu, si ya maji. Baadaye maisha yakanileta Wichita, mji wa viwanda vya ndege, ambako nafanya kazi ya mabati ya ndege, na nilipogundua kwamba mtu wa kawaida hapa anaweza kujirushia roketi ya mafuta magumu Jumamosi asubuhi kwa kibali na kwa sheria, sikuhitaji kushawishiwa.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya majira ya kuchipua. Upepo ulikuwa mdogo, jambo la nadra Kansas. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayesoma sekondari na anayekaa nasi, alikuwa ameipaka roketi rangi ya chungwa na kuchora ukanda mweusi kuizunguka. Ilikuwa ndefu kuliko mimi. Mota ilikuwa ya J, ya kipenyo cha milimita 54, ya aina inayojazwa upya. Tuliifunga pamoja mezani usiku uliotangulia, yeye akisoma maelekezo kwa sauti hatua kwa hatua, mimi nikifuata.

Afisa usalama alihesabu kuanzia tano. Roketi iliondoka kwenye reli vizuri, ikapanda kiasi cha mnazi mmoja, ndipo ukasikika mlio mkavu, mmoja tu. Nusu ya mbele ilitupwa juu ikizunguka na nusu ya nyuma ikarudi karibu na pale ilipotoka. Mwavuli ulitoka ukiwa unawaka. Vipande vyeusi vilimwagika kwenye mabua ya ngano, na mahali pawili moto ukashika nyasi.

Hakuna aliyekimbia mbele. Hilo lilinipa moyo kuliko jambo lolote siku ile. Afisa usalama alitangaza uwanja umefungwa, akachomoa ufunguo wa mtambo wa kuwashia, akatuma watu wawili wenye mapipa ya maji mgongoni na mapigio ya moto. Mafuta ya roketi yenyewe huyazimi kwa maji, kwa kuwa yamechanganywa na kemikali inayotoa oksijeni yake yenyewe. Unayaacha yaishe, na unapigana na nyasi zinazoyazunguka. Umbali tuliosimama nao pia ulifanya kazi yake. Kwa mota ya J kanuni inataka umbali wa watu kutoka kwenye reli usipungue futi 100, na kwa M futi 500. Nimewasikia wageni wakinung'unika kwamba hawaoni vizuri kutoka mbali namna ile. Siku ile kipande cha alumini cha ukubwa wa kiganja kiliangukia ndani ya mstari. Nje ya mstari hakikuanguka kitu.

Tulipoanza kutembea kuelekea kwenye mabaki, mpwa wangu alisema kwa sauti ya chini, "Mjomba, tuliweka grisi ya kutosha kwenye oringi?"

Swali lile lilikuwa pia kwenye nyuso za wenzetu, ingawa hakuna aliyelitamka. Katika mchezo huu mota ya kujazwa ikipasuka, wa kwanza kushukiwa ni aliyeifunga. Nikamwambia tusijibu sasa. Tuokote kwanza, oringi zenyewe zitasema.

Mota ya aina hii ni silinda ya alumini. Ndani yake kuna bomba la kukinga joto, na ndani ya bomba hilo hupangwa vipande vya mafuta, kila kimoja mviringo wenye tundu katikati. Mafuta hayo ni chumvi ya perklorati ya amonia na unga wa madini, vikishikamanishwa na mpira. Nyuma kuna nozeli inayoshikiliwa na kizibo chake, mbele kuna kizibo kingine, na kila upande oringi, yaani pete ya mpira, inazuia gesi isipenye. Kiwashio huingizwa kupitia nozeli hadi juu kabisa, na moto huanzia ndani ya matundu ukielekea nje. Wakati mota inaungua, kanieneo ndani ya silinda hufika kiasi cha mara ishirini ya ile ya tairi la gari dogo, na joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Alumini huyeyuka kwenye 660. Kinachoiokoa ni lile bomba la kukinga joto, zile oringi, na muda mfupi wa kuungua.

Jambo la kuelewa hapa, na ndilo msingi wa kusoma mabaki, ni kwamba mafuta haya huungua kwa kasi zaidi kanieneo ikipanda, na kanieneo hupanda kadiri eneo linaloungua linavyokuwa kubwa kulinganisha na tundu la nozeli. Mtengenezaji amepiga hesabu ya eneo hilo kwa uangalifu. Upande wa nje wa kila kipande umegandishwa kwenye bomba la karatasi ili usiwake. Kipande kikiwa na ufa, au kikiwa na kiputo cha hewa kilichobaki wakati wa kumimina, au kikiwa hakikushikana na karatasi yake, moto hupata eneo ambalo halikuwemo kwenye hesabu. Kanieneo inapanda, mafuta yanaungua kwa kasi zaidi, kanieneo inapanda tena, na kilicho dhaifu kuliko vyote kinaachia.

Ndiyo maana mahali palipoachia ni neno la kwanza la ushahidi. Nozeli ikiwa imetoka na kizibo cha nyuma kimeng'oka nyuzi zake, utafute kama nozeli iliziba kwa kipande cha mafuta au kwa kiwashio kinene kupita kiasi. Silinda ikiwa na tundu ubavuni, lenye kingo zilizoyeyuka na kulainika, jua moto ulipita kando ya bomba la kukinga joto ukaikaanga alumini mahali pamoja. Hapo shuku oringi au bomba lenye ufa. Silinda ikiwa imepasuka kwa urefu, kingo zikiwa kali na kavu, hilo ni jambo la kanieneo, si la joto. Na kizibo cha mbele kikiwa kimetoka, gesi ya moto imepita ndani ya roketi yenyewe na kuchoma kila kilichokuwa njiani, ndiyo sababu mwavuli wetu ulitoka ukiwaka.

Tulitandaza turubai la buluu karibu na gari. Kila kipande tulikipiga picha pale kilipoangukia kabla ya kukigusa, kisha tukakileta na kukiweka kwenye turubai mahali pake, nozeli upande huu, kizibo upande ule, kana kwamba tunaipanga mota upya ikiwa imelala. Mzee mmoja wa klabu, fundi mstaafu wa injini za ndege, alikuja na glavu zake akapiga magoti bila kuitwa. Hakusema pole wala hakuuliza tulifungaje. Alisema, "Tafuteni oringi."

Ya nyuma tuliipata ingali kwenye mfereji wake, nyeusi kwa masizi upande wa ndani tu, na grisi ikiwa bado inang'aa upande wa nje. Ya mbele ilikuwa imeng'oka pamoja na kizibo, imenyooka kidogo, lakini mzunguko wake wote ulikuwa mzima. Haikuwa na mahali palipoungua wala palipokatwa. Nyuzi za kizibo ndizo zilizokuwa zimekwanguliwa, zote kwa pamoja, kama chuma kinavyokwanguka kinaposukumwa kwa nguvu moja kubwa kutoka ndani.

Halafu mpwa wangu akakipata kile kipande. Kilikuwa kimejificha chini ya mabua, mafuta ambayo hayakuungua yakiwa bado ndani ya karatasi yake. Mtu anaweza kushangaa mafuta ya roketi yanawezaje kuzimika yenyewe katikati ya mlipuko. Sababu ni kwamba kizibo kilipotoka kanieneo ilishuka ghafla, na mafuta ya aina hii yakinyimwa kanieneo kwa ghafla namna ile, moto unaweza kukatika. Mlipuko ulioiharibu roketi ndio huohuo uliotuhifadhia ushahidi.

Tulikigeuza juani. Tundu la katikati lilikuwa limepanuka kidogo, jambo la kawaida. Lakini upande wa nje, pale karatasi inapopaswa kuwa imeganda kwenye mafuta, palikuwa na utepe mweusi wenye upana wa vidole viwili, kutoka mwisho hadi mwisho. Ukibonyeza karatasi hapo ilibonyea, ikaachana na mafuta, na ndani yake kulikuwa na majivu. Upande wa pili wa kipande hichohicho, karatasi ilikuwa nyeupe na imeshika kiasi kwamba kucha haikuweza kuiinua. Moto ulikuwa umepita nyuma ya mafuta, mahali ambapo mfungaji hawezi kuona wala kugusa.

Mzee yule alikaa nacho kimya, akakirudisha kwa mpwa wangu, akasema, "Hiki usikiweke mfukoni. Kiweke kwenye mfuko wa karatasi, uandike tarehe."

Nimekaa na tukio lile kwa sababu lilinionyesha jinsi tulivyokuwa karibu na kulipoteza. Kama tungefanya vile watu wengi wanavyofanya, kukusanya takataka kwenye mfuko mweusi na kuondoka kwa huzuni, jibu lingebaki "labda grisi haikutosha." Kijana angeishi na shaka kwamba mikono yake ndiyo iliyoiangusha roketi aliyoipaka rangi. Mtengenezaji asingejua kitu. Na mtu mwingine, mwenye pakiti ya toleo lilelile, angefunga mota yake usiku kwa imani.

Wakubwa wa kazi hii nao walijifunza kwa njia hiyohiyo. Chombo cha Challenger kilipovunjika tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuondoka Florida, na kuua wanaanga saba, meli na wapiga mbizi walifanya kazi kwa miezi kuokota vipande kutoka sakafu ya bahari. Miongoni mwa walivyovitoa ni vipande vya roketi ya kulia ya mafuta magumu vyenye tundu lililoungua kwenye kiungo cha chini, mahali palepale picha zilipokuwa zimeonyesha moshi mweusi. Mwanafizikia Richard Feynman alipochovya kipande cha mpira wa oringi kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya tume iliyochunguza ajali ile, dunia ilimkumbuka yeye. Mimi nawakumbuka zaidi wale wapiga mbizi. Na tarehe 17 Januari 1997 roketi ya Delta II ililipuka sekunde 13 baada ya kupaa kutoka Cape Canaveral, na mabaki yanayowaka yakaunguza magari ya wafanyakazi yaliyoegeshwa karibu. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye ufa wa ganda la roketi moja ya pembeni ya mafuta magumu. Kama mashirika yenye bajeti ya namna ile hupasukiwa, mtu wa Jumamosi asione aibu kupasukiwa.

Jioni ile tulijaza ripoti. NAR ina utaratibu wake wa kukusanya taarifa za mota zilizoharibika: aina, namba ya toleo iliyopigwa mhuri kwenye pakiti, hali ya hewa, na namna mota ilivyoachia. Kamati za upimaji hupima kila aina ya mota kabla haijaruhusiwa viwanjani, na ripoti zikilundikana juu ya aina moja, idhini yake inaweza kuangaliwa upya. Tuliambatanisha picha, na data ya altimita, ambayo hupima kimo mara 20 kwa sekunde na ilikuwa imesalimika. Nakala tuliipeleka kwa mtengenezaji.

Mpwa wangu alitaka barua kali. "Mjomba, na roketi je? Watulipe."

Nilimweleza kwamba katika mchezo huu desturi ya watengenezaji ni kufidia mota, mara nyingine na silinda, lakini roketi hurushwa kwa hiari ya mwenyewe. Hakuridhika, na sikumlaumu. Tuliandika barua ya ukweli mtupu: tulichokiona, wapi, kwa namba gani. Walijibu wakiomba picha zaidi za kile kipande, baadaye wakaomba kipande chenyewe tukipeleke kupitia muuzaji mwenye kibali cha kusafirisha vitu vya namna hiyo. Walitupatia mota mpya na silinda mpya. Barua ya hasira nayo huenda ingejibiwa, lakini nadhani isingeombwa kipande.

Sasa niseme juu ya vifaa, kwa sababu hasara ya siku ya mlipuko mara nyingi huongezeka siku zinazofuata, pale mtu anapojaribu kuokoa visivyookoleka.

Silinda za alumini ndizo zinazodanganya kuliko vyote. Silinda inaweza kupasukiwa na kizibo tu, wewe ukaifuta masizi ikang'aa kama mpya. Kazini kwangu tunajua kwamba alumini iliyoimarishwa kwa joto hupoteza uimara wake ikipashwa moto kupita kiasi, na jicho halioni tofauti. Ipime kipenyo kwa kalipa sehemu kadhaa kwa urefu wake. Ikiwa imevimba hata kidogo, au kizibo kinaingia kwa kulazimishwa, au rangi yake imebadilika, ikate kwa msumeno ili wewe wala mtu mwingine asishawishike kuitumia. Nimemwona mwenzetu akiuza silinda ya namna hiyo kwa bei ya chini kwa mtu aliyeanza mchezo juzi. Nilimwambia mbele ya wote kwamba ni vibaya, na bado nasema ni vibaya.

Betri za lithiamu zisichajiwe tena kama roketi imegonga ardhi kwa nguvu, hata ikiwa betri haijavimba. Madhara ya ndani huweza kujitokeza baadaye, na kwa kawaida hujitokeza ikiwa kwenye chaja, ndani ya nyumba. Sisi huiweka kwenye ndoo ya mchanga nje, mbali na ukuta, kisha tunaipeleka panapopokewa betri chakavu.

Na kabla ya hayo yote kuna baruti. Roketi kubwa nyingi hubeba vikombe vidogo vya baruti vinavyowashwa na altimita ili kutoa mwavuli. Mota ikipasuka, au roketi ikijichimbia ardhini, vikombe hivyo vinaweza kuwa havijalipuka, na altimita bado ina umeme na inangoja saa yake. Nimeona kimoja kikilipuka roketi ikiwa imelala chini muda mrefu, na kichwa cha roketi kikaruka kama risasi juu ya nyasi. Hakuna aliyeumia kwa sababu aliyekuwa akiiendea alikuja kwa ubavu. Basi, uendee ubavuni, usisimame mbele ya ncha wala nyuma ya mkia, zima swichi ya altimita kwanza, ndipo uinue. Watoto wabaki nyuma mpaka utakapoita.

Bomba la faiba hukaguliwa kwa sarafu. Lipige taratibu kwa ukingo wake kuanzia palipo pazima kuelekea palipoharibika. Mlio ukibadilika kutoka mkali kuwa mzito, tabaka zimeachana hapo, hata kama rangi haijachubuka. La kwetu lilikuwa limeachana karibu nusu ya urefu. Tulilikata, tukahifadhi sehemu ya mapezi, tukajenga juu yake upya. Kamba za mwavuli zilizopitiwa na moto tulizitupa zote. Nailoni iliyoiva kwa joto hukatika siku ya kazi. Jukwaa la klabu nalo lilipindika bamba lake la kukinga moto, tukalinyoosha na kulichomelea sisi wenyewe kabla ya mkutano uliofuata. Hakuna aliyetulazimisha, na nadhani hivyo ndivyo inavyopasa.

Mota ndogo za watoto za baruti zina ugonjwa wao, na unakingika. Baruti iliyoshindiliwa ndani ya ganda la karatasi hutanuka na kusinyaa tofauti na karatasi. Pakiti ikiachwa kwenye gari juani mchana, ikapoa usiku, ikarudiwa na jua kesho yake, baruti huachana na ganda au hupata ufa, na siku ya kurusha moto unapita pembeni, mota inajitapika yote kwa mara moja. Iliyoangushwa sakafuni vilevile. Ziwekwe kwenye sanduku kabatini, ndani ya nyumba, na zisafirishwe ndani ya kijokofu cha pikiniki kisicho na barafu. Na mota ikikataa kuwaka kabisa, kanuni ya NAR ni kuchomoa ufunguo na kungoja sekunde 60 kabla ya mtu yeyote kuisogelea. Ni sekunde ndefu kwa mtoto, lakini zingojwe zote.

Mchezo huu ulizaliwa kutokana na vidole vilivyokatika. Miaka ya hamsini vijana wa Marekani walikuwa wakichanganya mafuta jikoni na gerejini, na baada ya Sputnik kupaa tarehe 4 Oktoba 1957 wakaongezeka. Mabomba yao ya chuma yaligeuka mabomu. Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, aliyependa fataki, alikuwa tayari ametengeneza kwa msaada wa kaka yake Robert roketi nyepesi ya karatasi yenye mota ya kubadilishwa. Aliposoma makala ya G. Harry Stine, mhandisi wa uwanja wa kurushia makombora wa White Sands, juu ya usalama wa roketi, alimwandikia. Mwaka huohuo wa 1957 Stine akaanzisha chama ambacho leo ndicho NAR, na baadaye Vernon Estes wa Denver akaunda mashine ya kushindilia mota kwa wingi, akaiita Mabel. Wazo lao lilikuwa moja: kijana aunde roketi, lakini mota aitengeneze mwenye ujuzi na vifaa, kila moja ifanane na nyingine, na ikipasuka ijulikane ni ipi.

Naandika haya nikiwafikiria vijana wa kwetu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja wanaunda roketi kupitia mradi wao wa Nakuja, na sina shaka wako wengine ambao hawajajulikana, baadhi yao wakijaribu chumvi na sukari kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Hao wa sufuria nawaomba waache leo, wawatafute walimu, wapate kibali kwa mujibu wa sheria za vilipuzi za nchi yao, na wasimame mbali. Na walimu wanaowasimamia nawaomba jambo moja: kabla hamjatundika ukutani ubao wa nani amefika juu zaidi, fungueni daftari la mota zilizopasuka, lenye tarehe, namba ya toleo, joto la siku ile, mahali palipoachia, na picha ya kila kipande. Liwe wazi kwa kila anayeingia, na asichekwe wala kugombezwa anayeandika jina lake humo.